Panda treni ya asubuhi, shuka Voi

Nitasema wazi tu, mtu akiniuliza apande treni gani ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, namwambia ile ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama vituo vyote, na wengi hawanielewi manake kila mtu siku hizi anataka kufika. Ekspresi ya saa tisa alasiri ndio wanaiona ya maana kwa sababu masaa matano hivi ushaingia Nairobi, na ile ya saa nne usiku wanapanda wanalala wanaamkia huko, sawa, kama una mgonjwa ama kikao ama harusi hapo sibishani na wewe. Lakini kama nia yako ni kuiona nchi, kuiona kweli, mlima kwa mlima na mbuyu kwa mbuyu, basi ya asubuhi ndio yenyewe, jua liko mgongoni, wanyama hawajaingia vivulini, na treni inapumzika Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River kabla haijafika Syokimau, kituo cha Nairobi. Na mimi ushauri wangu ni zaidi ya hapo, usiende hata mpaka mwisho. Shuka Voi.

Sababu nitaieleza lakini kwanza tutoke Miritini, kituo cha SGR cha Mombasa.

Kituo kile kimejengwa kwa mfano wa mawimbi ya maji, yale maduara yanayotanuka ukitupa jiwe baharini, na ukikiangalia kutoka juu barabarani unaona kweli fundi alifikiria. Ufike mapema, saa moja kamili uwe uko pale ama kabla, manake kuna ule ukaguzi, mnapanga mizigo chini kwa laini moja, mnarudi nyuma nyote, alafu mbwa wanapitishwa wananusa begi moja moja, na utaona mama na kikapu chake cha samaki wa kukaanga amesimama roho juu anamwangalia mbwa. Kisha mashine ya kuskani, kisha kitambulisho, kisha tiketi. Kuna watu wanalalamika, mimi sina neno, nachukua nafasi hio kuangalia abiria. Wanafunzi na masanduku yao ya chuma, wazungu na kofia, wamama wa Kigiriama na leso zao mbili mbili, mabwana wa suti. Sijui sehemu nyingine hapa mjini ambapo watu wote hawa wanakaa kwenye laini moja.

Ukishaketi (ekonomi viti ni vitatu upande huu na viwili upande ule, vinaangaliana, kwa hivyo jiandae kuongea na watu) treni inaondoka bila hata kukushtua. Hapo mwanzo ni minazi na vibanda na mahindi, milima ya Mazeras inapanda polepole, ardhi nyekundu, mikorosho kidogo, watoto wanapunga mikono. Huu mpando wa Mazeras uweke akilini manake nitaurudia. Mariakani stesheni yake imechorwa kwa mfano wa mnazi, na inafaa, kwa sababu hapo ndio unauaga mnazi. Ukipita Mariakani tu nchi inabadilika, kijani kinapauka, miti inakuwa mifupi yenye miba, mibuyu imesimama mmoja mmoja mbali mbali, na hio ndio nyika ya Taru.

Watu wengi hapa ndio wanatoa simu wanaanza kuangalia video, wanasema hakuna kitu. Mimi hapa ndio nafunga simu. Wallahi hii nyika imebeba mambo. Misafara ya zamani iliiogopa kuliko simba, manake hakuna maji, na wale walioijenga reli ya kwanza walikuwa wanaletewa maji kwa treni kutoka nyuma kwa sababu hapa hata kisima hakitoki. Reli ile ilianza hapa hapa Mombasa, pande za Kilindini, tarehe 30 Mei 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, ikafika ziwani Kisumu Disemba 1901. Miaka mitano na ushei, kwa mikono, kwa karai na sururu. Serikali ya Waingereza ilileta wafanyakazi kama 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, na karibu 2,500 walifariki kwenye kazi, maradhi, ajali na wanyama. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mkataba ulipoisha, lakini kama 6,700 wakakaa, na ukitembea Mombasa ukaona misikiti na mahekalu na gurudwara na maduka ya vyuma na mapishi yetu ya chapati na bhajia, ujue baadhi ya mizizi yake iko kwenye hio reli. Kule Uingereza wenyewe bungeni walikuwa wanaicheka, mbunge mmoja anaitwa Henry Labouchere akaiita reli ya wendawazimu, kwamba inatoka pasipojulikana inaenda pasipojulikana. Kwa sisi ilikuwa inatoka kwetu, na ilikuwa inapita kwa watu.

Sasa kati ya Taru na Maungu kuna mahali SGR haisimami na ndio mahali ningetaka isimame kuliko pote. Mackinnon Road. Madereva wa masafa marefu wa Mombasa wanapajua vizuri, pale pembeni ya reli ya zamani kuna msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, wengine wanamwita Pir Padree, alikuwa mmoja wa wale waliokuja kujenga reli. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba alipokuwa anabeba karai la kokoto, karai lilikuwa haligusi kichwa chake, linaelea juu kidogo, na wenzake wakaliona kwa macho yao. Alipofariki wakamzika hapo hapo kwenye njia. Mpaka leo magari yanasimama, Waislamu, Makalasinga, Wahindu, Wakristo wa maroli, mtu anaingia anaomba dua anatoa sadaka anaendelea na safari. Nimeingia pale mchana wa jua kali, nje joto la kuchoma, ndani vigae ni baridi chini ya miguu, harufu ya udi na mawaridi, kaburi limefunikwa vitambaa vya kijani, na kijana mmoja wa lori la makontena ameketi kwenye kona na viatu vyake mkononi midomo inacheza. Nje mita chache tu ndio reli yenyewe ya zamani, ile ya upana wa mita moja, ina kutu, nyasi zimeota katikati ya mataruma. Ukiinama ukaangalia ubavu wa reli unaona herufi za kiwanda zimetokeza kwenye chuma, unaweza kuzipitisha kidole.

Hapo ndio niliamini kwamba hii reli ya zamani ni urithi sawasawa na Ngome ya Yesu, na inafaa itunzwe hivo hivo. Ngome tunailinda, ina tiketi, ina waongozaji, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011. Reli iliyoumba nusu ya miji ya nchi hii inaachwa iote nyasi na usiku watu wanakuja na misumeno wanakata chuma wanauza skrapu kwa kilo. Inaniuma, sifichi.

Nirudi kwa SGR. Ukipita Miasenyi geuza shingo kushoto. Mlima mrefu uliojitenga peke yake kule mbali ni Kasigau, na ukiendelea unaona Sagalla umeinama juu ya Voi, na nyuma yake milima ya Taita yenyewe imevaa mawingu. Kulia ndio Tsavo Mashariki. Ndovu wa Tsavo ni wekundu, sio kwamba ni aina nyingine, ni ule udongo, wanajimwagia mavumbi na matope mpaka wanafanana na nchi wanayoishi, na ukiwaona kundi zima limesimama kwenye dimbwi na watoto wao katikati behewa zima linanyamaza alafu linapiga kelele kwa pamoja. Reli hii mpya imeinuliwa juu ya tuta na kuna vivuko vimeachwa chini ili wanyama wapite, na pale mto Tsavo daraja lake lina urefu wa karibu kilomita mbili. Nimeona twiga akipita chini ya reli taratibu kabisa na shingo yake wala hakuinamisha. Kuna mjadala mkubwa kama vivuko vinatosha na watafiti wamewafunga ndovu kola za kuwafuatilia ili wajue, na mimi nasema bora wanaofuatilia wazidi, manake bila wale wanyama hio dirisha haina thamani.

Kitu kimoja tu nakikosa kwenye treni hii, dirisha halifunguki. Kuna AC, kuna usafi, sina kinyongo, lakini harufu ya nyika haingii. Kwenye treni ya zamani dirisha ulishusha ukatoa kiwiko nje, na stesheni zote ndogo watu walikuwa wanakuja mpaka dirishani, mahindi ya kuchoma, mayai, ndizi, asali ya Wakamba kwenye chupa, unatoa sarafu mkono unapokea. Hapa mpya wachuuzi hawaingii jukwaani, kwa hivyo beba chakula chako. Mimi hubeba mahamri na mbaazi kwenye kibuyu cha moto na viazi karai na kile kifurushi cha ukwaju, na kila siku lazima nimgawie wa mbele yangu manake harufu ile hauwezi kula peke yako.

Kuhusu treni ya zamani mimi niliipanda nikiwa mtoto na baadae nikiwa mkubwa pia, kabla haijasimama Aprili 2017, mwezi mmoja tu kabla ya Madaraka Express, ndio hii treni ya SGR, kuanza. Lakini anayeijua ni Ami. Ami yangu alikuwa fayamani, mtunza moto wa injini, wa relwe miaka ya 70, yeye mpaka leo anasema relwe, na ukitaka kumwona akirudi kijana mwulize kuhusu Garratt, zile injini kubwa za mvuke. Nimekaa naye barazani juzi na kahawa na haluwa nikamwuliza anieleze vizuri, manake nilikuwa nataka kuandika haya.

"Shikamoo Ami. Hebu nambie ile fifti-naini ilivyokuwa."

"Marahaba mwanangu. Ile? Ile ilikuwa injini mbili kwa tumbo moja."

Na ndio hivyo hasa. Zile injini za daraja la 59 zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock, zikaletwa huku kati ya 1955 na 1956, thelathini na nne zote, na hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu zaidi yao kwenye reli ya mita moja duniani kote. Uzito zaidi ya tani 250. Boila limebebwa katikati, mbele kuna seti yake ya magurudumu na tangi la maji, nyuma kuna seti nyingine na tangi la mafuta, na kila seti inajipinda yenyewe, kwa hivyo kwenye kona za Mazeras mnyama mzima anakunjika vipande vitatu bila kutoka njiani. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ami anasema wengi wanadhani alikuwa anapiga makaa kwa koleo, hapana, zilikuwa zinachoma mafuta mazito, kazi yake ilikuwa kukaa na vali mkono mmoja na jicho kwenye moshi, moshi mweusi maanake unatupa mafuta, moshi usioonekana maanake moto unataka kufa, unautafuta ule wa kijivu hafifu, hapo ndio sawa. Na kule kupanda Mazeras na mzigo wa bandari nyuma, maji kwenye kioo cha boila yanashuka unayaangalia, dereva hasemi kitu, unasikia tu ile pumzi mbili za injini zinaenda pamoja, alafu zinapishana, alafu zinaenda pamoja tena. Ami aliupiga mkono pajani akinionyesha. Alinionyesha kwa muda mrefu kuliko alivyoongea.

Kufikia 1980 za mvuke zilikuwa zimeshaondolewa, dizeli ikachukua. Mojawapo, 5918 Mount Gelai, iko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, yale yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni ya zamani, na ukienda huko utaliona pia lile behewa alilonyakuliwa Charles Ryall mwaka 1900 pale Kima, afisa wa polisi aliyekuja kumvizia simba, akapitiwa na usingizi, simba akaingia ndani. Simba wengine wawili maarufu, wale wa Tsavo wa 1898 waliosimamisha ujenzi wa daraja mpaka Patterson, mhandisi wa daraja lenyewe, alipowapiga risasi Disemba mwaka ule, wao wako Chicago kwenye Field Museum tangu 1924, wamejazwa ndani ya kioo. Patterson alisema wamekula watu 135, watafiti wa siku hizi waliopima mifupa na manyoya wanaona idadi ni ndogo zaidi ya hapo sana. Hata ingekuwa theluthi yake, wale walikuwa vibarua na majina yao na mama zao, na majina hayo hayajaandikwa mahali mtu wa kawaida anaweza kuyasoma akipita Tsavo. Ningependa yaandikwe.

Haya, Voi. Kwa nini Voi.

Kwanza kwa sababu ni karibu, kabla ya saa nne na nusu umeshashuka una siku nzima mbele yako. Pili kwa sababu Voi ni mji wa reli mpaka kwenye mifupa, stesheni ya zamani iko mjini kati, na hapo ndipo ilipokuwa inakatika njia ya kwenda Taveta. Hii njia ya Taveta watu wengi hawaijui kabisa na mimi naona ndio safari nzuri kuliko zote ambazo nchi hii imeziacha. Ilijengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1915, ili kubeba wanajeshi na maji na mizinga kwenda kupigana na Wajerumani waliokuwa wamevuka mpaka wakakaa Taveta. Ikapita Mwatate, Bura, ikafika Maktau, na 1916 ikaendelea mpaka ikaungana na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi, ile waliyoianza 1893 na kuifikisha Moshi 1911. Fikiria basi, mtu wa Mombasa angeweza kuketi kwenye behewa pale mwisho wa barabara ya Haile Selassie akashuka Moshi chini ya Kilimanjaro, ama akateremka mpaka Tanga kwa shangazi yake. Shirika la reli lilikuwa moja la nchi zote, mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977 na mpaka ukafungwa.

Sasa hivi utaenda kwa matatu, barabara ni nzuri, kilomita kama 110 kutoka Voi, na reli unaiona pembeni inakuja inapotea. Mkono mmoja milima ya Taita, mashamba ya mkonge ya Mwatate safu kwa safu mpaka macho yanachoka, alafu nyika ya Tsavo Magharibi, alafu kama mawingu yamefunguka, Kilimanjaro mbele yako. Maktau kuna makaburi ya wanajeshi wa Kihindi, Voi na Taveta kuna makaburi mengine, mawe meupe yamepangwa nyasi zimekatwa. Wapagazi wetu waliobeba ile vita mabegani, kina babu wa Kitaita na Kigiriama na Kiswahili, hao wengi hawana jiwe. Hio njia ingekuwa na treni hata moja tu kwa wiki, mabehewa matatu ya zamani yenye madirisha ya kushusha na mzee wa kusimulia ndani, watu wangetoka Nairobi na Dar kuja kuipanda. Mimi ningekuwa wa kwanza kwenye laini.

Na sio ndoto. Nyinyi mnaosema haiwezekani Afrika hebu angalieni Eritrea. Wana reli inayotoka Massawa, mji wa bahari kama wetu, nyumba za matumbawe kama zetu, inapanda kilomita 118 mpaka Asmara juu kabisa zaidi ya mita 2,300. Vita viliiharibu yote, mataruma yalitolewa yakajengewa mahandaki. Walipopata uhuru 1993 wakaambiwa na wataalamu wa nje kuijenga upya ni pesa nyingi sana, wao wakawaita wazee wao wa reli waliostaafu, wengine washapita miaka sabini, wakarudi na nyundo zao, wakafufua injini za mvuke za miaka ya 30 kwa kutengeneza spea wenyewe karakanani, na 2003 treni ikafika Asmara. Wazee. Ami nilipomsomea hii alinyamaza alafu akauliza, "Na karakana yetu ya Changamwe je?"

Uingereza huko Wales kuna reli ndogo ya machimbo ya mawe inaitwa Talyllyn, mwaka 1951 ilikuwa inafungwa, watu wa kujitolea wakaishika, na ndio ya kwanza duniani kuokolewa hivyo, sasa nchi yao imejaa reli za urithi za namna hio. India, Darjeeling, ile reli ya upana wa sentimita 61 tu inayopanda milima ya chai tangu 1881, UNESCO wakaiweka kwenye Urithi wa Dunia 1999. Wahindi waliojenga ya kwetu walitoka nchi hio hio na ufundi huo huo, na historia yetu wala sio ndogo kuliko yao. Hata jirani zetu Tanzania, TAZARA yao ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina na Waafrika miaka ya 70, inapita katikati ya wanyama na watalii wanaijua, hata ile treni ya kifahari ya Rovos Rail imeshakuja mpaka Dar kutoka Cape Town kwa reli hio. Na reli yao ya kaskazini ilikuwa imelala miaka mingi bila abiria, 2019 treni ikarudi Moshi, 2020 ikarudi Arusha. Hapa kwetu Nanyuki imerudi 2020 na Kisumu 2021, kwenye reli ile ile ya mita moja. Kwa hivyo inawezekana. Pwani ndio tulioianza na ndio hatuna.

Ningeambiwa nichague pa kuanzia ningeanza padogo. Jumapili asubuhi, kutoka stesheni ya zamani ya Mombasa, kupanda Changamwe mpaka Mazeras, mpando ule wa Ami. Watoto wa shule wapande bei nafuu. Mazeras kuna zile bustani za mimea, kuna Rabai hapo karibu, na kanisa na makumbusho ya yule mmisionari Krapf, watu wanakula wali wa nazi wanarudi jioni. Na ndani ya behewa la chakula warudishe ile kengele, wale mliopanda zamani mnaikumbuka, mhudumu wa koti jeupe anapita kwenye ujia anapiga vile vibao vidogo vya chuma kwa kijiti, ting tong ting, kukwambia mezani tayari, na mezani kitambaa cheupe na vijiko vizito vya relwe.

Wakati tunangoja, ya SGR fanyeni hivi. Tiketi kata mapema kwa *639# ama mtandaoni, unalipa kwa M-Pesa, na uchague treni ya vituo vyote ile ya saa mbili, usichanganye na ekspresi. Mombasa hadi Nairobi ekonomi ilipanda ikawa 1,500 Januari 2024, ya kushuka Voi ni chini ya hapo. Ukitaka milima kaa kushoto, ukitaka ndovu kaa kulia, ukiwa na mtoto mpe dirisha. Voi lala usiku mmoja angalau, geti la Tsavo Mashariki liko karibu na mji, na Sagalla inapandika kwa miguu ukipata kijana wa huko wa kukuongoza, usiende peke yako. Kurudi, ile ya Nairobi ya vituo vyote nayo inatoka huko saa mbili asubuhi, kwa hivyo inapita Voi mchana. Ama rudi kwa matatu na umwambie dereva akushushe Mackinnon Road kidogo, wengi hawakatai.

Na watu wa Changamwe, Makupa na Voi, ambao babu ama baba alikuwa relwe, mkiwa na picha za stesheni ya zamani, vitambulisho vya kazi, taa za ishara, hata kile kitabu cha ratiba kilichochakaa, nitumieni picha zake ama niiteni nije na skana, siondoki na kitu cha mtu. Ami ameshasema atakaa nami kuwatambua watu kwenye picha, yuko barazani kila siku baada ya alasiri.